Unahamia chuo Uganda? Siku ya mapokezi itumie hivi

Mwaka niliohamia Kampala, hema la kupokea wanafunzi wapya lilijaa vijana waliomaliza kidato cha sita miezi michache tu nyuma. Mshereheshaji akauliza ni nani hajawahi kukanyaga chuo kikuu maishani mwake. Mikono ikapanda hema zima. Wangu ulibaki mapajani, juu ya bahasha ya kaki yenye matokeo ya mihula mitatu niliyosoma Mwanza. Nikajiambia: haya nimeshayasikia, nitakaa kwa adabu mpaka yaishe. Nikakaa. Shughuli ilipokwisha saa nane na nusu mchana, mkuu wa idara niliyemfuata alikuwa ameshafunga ofisi na kwenda zake.

Sasa niko mwaka wa mwisho wa uhasibu, na kila Agosti najitolea kupokea wageni kwenye hema lilelile. Kila mwaka nawaona wawili watatu wenye bahasha kama yangu, wamekaa nyuma, wanasubiri hotuba ziishe. Nawaandikia hao, hasa mnaotoka Tanzania, Kenya na Kongo.

Kwanza elewa siku yenyewe ilivyo. Imepangwa kwa ajili ya mwaka wa kwanza, kuanzia neno la kwanza mpaka la mwisho. Baada ya sala na nyimbo za taifa atasimama makamu mkuu wa chuo, au mwakilishi wake, kisha msajili wa taaluma, mshauri wa wanafunzi, mkutubi, mtu wa zahanati, afisa wa polisi au mkuu wa ulinzi, na rais wa serikali ya wanafunzi, ambayo hapa Uganda huitwa gildi. Halafu mnagawanywa kwa vitivo, mnatembezwa maktaba, maabara, zahanati na uwanja wa michezo. Hakuna atakayesema, "Waliohamia kutoka vyuo vingine pitieni huku." Mwaka wangu tulikuwa saba, na tulijuana baada ya wiki tatu.

Hata hivyo usiache kwenda. Siku ile ndiyo pekee ambayo msajili, mkuu wa idara, mhasibu na mratibu wa kozi wote wako chuoni kwa wakati mmoja, na wamejiandaa kuulizwa maswali. Wiki mbili baadaye kila mmoja ana vipindi vyake na foleni yake. Kwa hiyo fika mapema, ukae pembeni mwa safu ambako unaweza kunyanyuka bila kusumbua watu, umsikilize msajili wa taaluma mpaka amalize, kisha uinuke. Yeye ndiye anayetaja tarehe ya mwisho ya kujiandikisha, tarehe ya mwisho ya kubadilisha masomo, na namna ya kuingia kwenye mfumo wa chuo. Ziandike. Historia ya chuo utaikuta kwenye kitabu cha mwanafunzi.

Kuhusu kufika mapema: barua ikisema saa mbili asubuhi, toka nyumbani saa kumi na mbili. Taksi (ndivyo wanavyoiita daladala, au matatu kwa Wakenya) husubiri ijae ndipo iondoke, na barabara za kuingia mjini asubuhi hazina huruma. Saa ya Kampala ni ileile ya Dar es Salaam na Nairobi. Anayetoka Goma, Bukavu, Kigali au Bujumbura asogeze saa yake mbele kwa saa moja. Nimeshampokea kijana wa Bukavu aliyefika akihema, simu yake ikimwonyesha kwamba amewahi.

Bahasha yako iwe na nini

Hapa ndipo penye uzito, na hapa ndipo mimi niliumia.

Beba barua ya kukubaliwa, matokeo ya chuo ulichotoka yenye muhuri, barua ya chuo hicho inayosema umeondoka vizuri na hudaiwi, vyeti vyako vya sekondari, pasipoti au kitambulisho, na picha ndogo nane au kumi. Kila kitu kiwe na halisi yake pamoja na nakala tatu. Kazi ya kulinganisha vyeti vya sekondari vya nje na vya Uganda ni ya UNEB, baraza la mitihani la Uganda, lenye ofisi Ntinda. Ya kulinganisha matokeo ya chuo cha nje ni ya NCHE, Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, lililoko Kyambogo. Shughuli hizo zianze kabla ya siku ya mapokezi. Ukichelewa, nenda na risiti ya kuonyesha kwamba maombi yamepokelewa.

Kitu ambacho mimi sikubeba ni silabasi. Nisikilize vizuri mdogo wangu: matokeo peke yake hayahamishi somo. Matokeo yanasema ulisoma "Kanuni za Uhasibu" ukapata B. Hayasemi ulisoma mada gani, kwa saa ngapi, na ulipimwa vipi. Mkuu wa idara mpya analinganisha silabasi yako na yake, mada kwa mada, na zikikaribiana anakubali. Bila silabasi hana cha kulinganisha. Ombeni silabasi ya kila somo mlilofaulu, yenye muhuri wa idara, kabla hamjaondoka mlikokuwa. Mimi nilimpigia kaka yangu Mwanza, akazunguka ofisi kwa ofisi siku sita, akanitumia furushi kwa basi la kupitia Bukoba na Mutukula. Lilipofika Kampala, dirisha la kujiandikisha lilikuwa limeshafungwa. Nikaandikishwa mwaka wa kwanza, muhula wa kwanza, nikakaa wiki 15 nikifundishwa kutengeneza mizania niliyokwisha kuitengeneza na kuifaulu.

Furushi lilipofika nililipeleka kwa mama mmoja wa ofisi ya masomo, mtu mzima, mpole, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Akafungua ukurasa wa matokeo yangu, akaweka kidole kwenye namba moja, akaniuliza, "Nyabo (yaani bibie), somo moja lina krediti 10?" Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa taratibu. Kwao somo zima lina krediti 3 au 4. Alinitazama kama mtu aliyeletewa hati ya kughushi, na mimi moyo ukanidunda, maana sikujua la kumjibu.

Jibu ninalo sasa, na nakupa. Krediti ya Tanzania na krediti ya Uganda ni vipimo viwili tofauti, kama kilo na ratili. Kwa utaratibu wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti 1 ni saa 10 za kujifunza, na ndani yake wanahesabu kila kitu: mihadhara, semina, kujisomea chumbani, mpaka mitihani. Uganda, krediti 1 ni saa 15 za kukutana na mwalimu. Saa moja ya mhadhara inahesabiwa saa moja, lakini semina au vitendo, saa mbili ndizo zinazohesabiwa moja. Kwa hiyo chukua somo langu lile la krediti 10, yaani saa 100. Silabasi ilionyesha mihadhara saa 30, semina saa 30, zilizobaki za kujisomea. Kwa hesabu ya Uganda, mihadhara inabaki 30, semina zinakuwa 15, jumla 45. Gawa kwa 15, unapata krediti 3. Yule mama alipoiona hesabu hiyo kwenye karatasi alitabasamu, akavaa miwani, akaanza kupitia masomo mengine pamoja nami. Mkenya kazi yake ni nyepesi zaidi, kwa sababu yuniti (somo moja) ya kawaida ya saa 45 inaangukia krediti 3 moja kwa moja.

Fanya hesabu hiyo nyumbani, somo kwa somo, kwenye karatasi moja yenye safu: jina la somo mlikotoka, saa za mhadhara, saa za semina, krediti za Uganda, na somo la chuo kipya unaloona linafanana nalo. Karatasi hiyo ndiyo utakayoweka mezani kwanza. Mtu wa ofisi aliyechoka akiona umemfanyia nusu ya kazi, anafanya nusu yake.

Masomo ambayo hayatapita

Nilipeleka masomo 18, yakakubaliwa 13. Matano yaliyokataliwa yalinifundisha mengi kuliko yale 13, kwa hiyo nayaeleza.

Mawili yalikataliwa kwa alama. Chuoni kwangu Mwanza, C ilianzia 40, na C ni kufaulu. Huku ufaulu wa somo huanzia 50. Takwimu za Biashara nilipata 46, nyumbani nilishangilia, Kampala ikawa nimefeli. Wenzetu wa Kenya nao wanafaulu kwa 40, hivyo nao wajiandae. Na herufi zisikudanganye. Nyumbani A ilianza kwenye 70. Huku mara nyingi 70 ni B, na A inaanzia 80. Peleka matokeo yanayoonyesha alama kwa namba kama chuo chako kinaweza kuyatoa, kwa sababu herufi bila namba inaweza kusomwa tofauti na alama uliyopata.

Mengine mawili yalikuwa Kodi na Sheria ya Biashara. Kwa haya nilikasirika siku ile, lakini leo nasema idara ilikuwa na haki. VAT ni asilimia 18 Tanzania Bara na asilimia 18 Uganda, ndiyo, lakini mimi nilisoma sheria za kodi za Tanzania na taratibu za TRA, mamlaka ya mapato ya kwetu, na mhasibu wa Kampala atajaza fomu za URA, mamlaka ya mapato ya Uganda. Anayesoma sheria, kodi, utumishi wa umma au historia ya elimu ategemee kurudia masomo yanayobanwa na mipaka ya nchi. La tano lilikuwa Stadi za Maendeleo, ambalo kwetu ni la lazima, na huku halikuwa na mwenzake kwenye kozi yangu.

Mbele ya mkuu wa idara usiulize tu ni masomo mangapi yamekubaliwa. Muulize na haya. Alama zangu za zamani zitaingia kwenye wastani wangu, au ni krediti tu zinazohama? Vyuo vingi vinahamisha krediti bila alama, na hapo wastani wako unaanza upya. Ni jambo la kujua mapema, maana kwa kipimo cha pointi 5 kinachotumiwa na vyuo vingi hapa, daraja la kwanza ni 4.40, la pili la juu ni 3.60, la pili la chini ni 2.80. Ukiwa na masomo machache tu yanayohesabiwa, moja likianguka linauma sana. Uliza pia ni somo gani linafungulia jingine, na linafundishwa muhula upi. Uhasibu wa Gharama kwetu hufundishwa muhula wa kwanza tu, na bila hilo huingii Uhasibu wa Menejimenti. Ukilikosa Agosti, unalingoja mpaka Agosti nyingine. Uliza kama kazi za darasani zina asilimia 40 au 30, na kama kuna sapu, yaani mtihani wa marudio kwa aliyefeli. Chuoni kwangu hakuna sapu: ukifeli unalirudia somo litakapofundishwa tena, na unalilipia.

Kisha omba majibu kwa maandishi. Neno la mkuu wa idara mlangoni halisomeki kwenye kompyuta ya msajili. Usijiandikishe masomo kabla hujapata barua hiyo au angalau barua ya muda yenye sahihi, kwa sababu mfumo ukishakuweka mwaka wa kwanza, kukutoa ni safari ndefu.

Darasa lako haliko hemani

Hili hakuna aliyeniambia, na lilinitia upweke ambao sikuutarajia. Vijana unaokaa nao siku ile ni wazuri, mtacheka, mtapeana namba, lakini Jumatatu wao wanaingia chumba chao na wewe chako. Watu wa mwaka wako bado wako likizo Mbarara, Gulu na Arua. Wanarudi wakiwa na makundi yao ya kujisomea yaliyokwisha kuundwa tangu mwaka jana, nawe unaingia mlangoni ukiwa mgeni peke yako.

Lakini watazame waliovaa fulana za gildi, wale wanaoelekeza watu, wanaogawa maji na kubeba viti. Hao ni mwaka wa pili na wa tatu. Darasa lako ndilo hilo limesimama. Nenda kwa yeyote, umsalimie, muulize: nani hapa anasoma uhasibu mwaka wa pili? Ndani ya dakika kumi utakuwa umeletewa mtu. Mwombe namba ya mratibu wa darasa na akuingize kwenye kundi la WhatsApp, kwa sababu ratiba, chumba kilichobadilishwa na jaribio lililosogezwa mbele vyote hupitia humo, wala havibandikwi ukutani.

Kuhusu lugha: hotuba zote ni Kiingereza, na utani unaochekesha hema zima ni Kiganda. Usijisikie umetengwa, jifunze tu maneno matatu uanze nayo: ssebo kwa mwanamume, nyabo kwa mwanamke, webale kwa kushukuru. Na usianze na shida yako. Mganda husalimiwa kwanza, huulizwa habari za nyumbani, ndipo shida isemwe, kama vile sisi wa pwani ya ziwa tulivyolelewa. Kiswahili chako nacho kina mahali pake. Baraza la mawaziri la Uganda lilikipitisha kuwa lugha rasmi Julai 2022, lakini maofisini utakisikia kwa nadra. Langoni ni tofauti. Askari wengi, hasa wazee na wanaotoka kaskazini, wanakiongea vizuri. Nilimwambia mmoja, "Shikamoo, baba." Akasimama wima, akajibu, "Marahaba, mwanangu, umetoka Tanzania?" Ndiye aliyenieleza kwamba ofisi ya msajili ina mlango wa nyuma kwa wanaoleta nyaraka, na kwamba foleni hupungua saa saba watu wakienda kula. Ramani niliyopewa hemani haikuwa na habari hiyo.

Fedha nazisema kwa kifupi. Lipa kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo wa chuo, kupitia benki au simu, na usimpe mtu yeyote ada mkononi, hata akiwa na kitambulisho shingoni. Siku za mapokezi huwavuta matapeli. Utatozwa tena baadhi ya vitu ulivyolipia chuo cha kwanza, kama kitambulisho, maktaba na gildi. Hosteli ikague mchana, ufungue bomba uone maji yanatoka, uulize geti linafungwa saa ngapi, ndipo ulipe. Sisi Watanzania tunaingia bila viza, lakini muhuri wa Mutukula una idadi ya siku, na kusoma kunahitaji pasi ya mwanafunzi. Ofisi inayohudumia wanafunzi wa nje itakupa barua ya kuombea. Ipitie siku hiyohiyo, kabla ya saa saba. Laini ya simu sajili kwa pasipoti yako, usitumie iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine, maana fedha zako zitapita humo.

Ukitoka chuoni jioni utakuwa na njaa. Nunua rolex, yaani mayai yaliyokaangwa yakaviringishwa ndani ya chapati pamoja na nyanya na kabichi, ukae chini, uipitie bahasha yako upya: tarehe za msajili, sahihi ya mkuu wa idara, namba ya mratibu wa darasa, risiti. Kilichokosekana kiandike juu ya bahasha kwa kalamu, kiwe cha kwanza kesho.

Barua ya krediti ukishaipata, itolee nakala, ipige picha, mtumie mama nyumbani naye aitunze. Muhula huu ofisi ya mitihani imeniita kukagua krediti zangu kabla ya mahafali, na nakala ya barua waliyokuwa nayo wao haikuonekana kwenye faili. Niliitoa yangu kwenye bahasha ileile ya kaki, yule mama akavaa miwani, akasoma yale masomo 13 moja baada ya jingine, akagonga muhuri.